Taji la Lango Fupi

Silibwet hatuna lango la mawe. Boma letu linafungwa kwa fito, na ng'ombe wakishaingia jioni mambo yameisha. Anayetaka kuona lango la kale itabidi apande matatu, apite Sotik, Kisii na Rongo mpaka Migori, kisha aulizie boma la mawe la Thimlich Ohinga.

Taji la lango fupi nalipeleka huko, na sitaki ubishi. Ukuta wenyewe unafika mita 4.5 mahali pengine, ila pa kupitia pameachwa chini makusudi. Mawe bapa yamelazwa juu kama linta. Sogea karibu utafute udongo au saruji: hakuna hata chembe. Mawe makubwa nje, makubwa ndani, katikati vijiwe vimeshindiliwa, na yote yanashikana kwa uzito wake tu. Fundi wa leo ukimwambia ajenge hivyo, ataulizia kwanza mifuko ya simenti. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kutanguliza kichwa, na mlinzi yuko ndani kasimama wima. Wataalamu wanakadiria boma hili ni la karne ya 16, na UNESCO ililiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018.

Lililogombaniwa zaidi ni la Fort Jesus, Mombasa. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuanzia 1631 hadi 1875 ilitekwa na kupotezwa mara tisa. Waomani peke yao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Juu ya lango bado lipo jiwe la maandishi ya Kireno la mwaka 1639, la kumsifu kapteni wa Wareno, na watalii hupita chini yake wakitafuta tiketi mfukoni.

Kwa majina, Harar ya Ethiopia haina mpinzani. Mji ule una malango matano ya kale, na lango ambalo Mharari huliita Asmaddin Bari, Mwamhara huliita Shewa Ber.

Na lile refu? Buland Darwaza la Fatehpur Sikri, India, lango la msikiti wa mfalme Akbar: mita 54, kama ghorofa kumi na tano. Chini yake hata twiga angepita bila wasiwasi.

Mimi Thimlich nilikumbuka kuinama nilipoingia. Kutoka ndiko nilikosahau.