Bagira: Ukurasa ni wa nani wakati feza inapoingia?

Bukavu. – Tuseme kuna vijana watatu wa kartie Lumumba, komini ya Bagira. Wa kwanza ana simu nzuri ya kupiga picha. Wa pili anajua kuandika na sauti yake inasikika vizuri. Wa tatu hana ufundi wowote, ila ndiye anayelipa mega na transpoti. Wanafungua ukurasa kwenye Facebook, wanaupa jina la mtaa, wanatangaza matanga, harusi, mpira na bei ya soko. Mwaka wa kwanza hakuna faida, kwa hiyo hakuna ugomvi. Siku duka moja la mjini linapoleta dola 50 za matangazo ndipo swali linaanza: feza hizo ni za nani?

Huo ni mfano tu, lakini wengi walioanza kitu kama hicho pamoja na wenzao watajitambua. Na jambo lenyewe si la Bagira peke yake. Hata Facebook, ambayo vijana hao wanaitumia, ilizaliwa na ugomvi wa namna hiyo.

Mwanzoni mwa 2004, Mark Zuckerberg na Eduardo Saverin walikuwa wanafunzi wa Harvard, Marekani. Kila mmoja alikubali kutoa dola 1.000 za kuanzia. Zuckerberg aliandika programu. Saverin, mzaliwa wa Brazili, alishika mambo ya feza na biashara. Ilipofika likizo Zuckerberg alihamia California na wengine kuendeleza kazi, na Saverin akabaki upande wa New York. Huko California walianza kusema kwamba mwenzao hafanyi kazi. Yeye naye aliona maamuzi yanapita bila kuulizwa, akafunga akaunti ya benki ambayo kampuni ilikuwa inaitegemea.

Jibu halikuja kwa matusi. Lilikuja kwa makaratasi. Kampuni ya kwanza ilikuwa imeandikishwa katika jimbo la Florida. Julai 2004 ikaundwa nyingine Delaware, na ile mpya ikameza ile ya zamani. Oktoba mwaka huo Saverin alitia sahihi karatasi zilizompa zaidi ya asilimia 34 ya hisa, lakini ndani yake aliacha pia haki ya kupiga kura mikononi mwa Zuckerberg. Januari 2005 hisa mpya kwa mamilioni zikatolewa, zikaenda kwa wengine. Sehemu ya Saverin ikashuka chini ya asilimia 10.

Hapa watu wengi hawaelewi, wanafikiri hisa zake ziliibwa. Hapana. Ukiwa na hisa 3 kati ya 9, una theluthi moja. Wakiongeza nyingine 21 bila kukupa hata moja, bado una zako 3, ila sasa ni 3 kati ya 30. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwako. Walipika chungu kikubwa zaidi, na sahani yako ikabaki ileile.

Walipelekana mahakamani na kupatana 2009, na jina la Saverin likarudishwa katika orodha ya waanzilishi. Facebook ilipoingia soko la hisa Mei 2012, kwa dola 38 kila hisa, sehemu ile ndogo ilitosha kumfanya tajiri mkubwa. Kwa hiyo tusimlilie sana. Lakini usukani wa kampuni hakuugusa tena.

Twitter ilikuwa mbaya zaidi, maana pale kila mmoja alipata zamu yake ya kuondolewa. Noah Glass, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyeleta jina lenyewe, alitolewa mwaka uleule wa 2006 mtandao ulipoanza. Jack Dorsey aliondolewa kwenye uongozi 2008, nafasi ikachukuliwa na Evan Williams, mwanzilishi mwenzake. Miaka miwili baadaye Williams naye akaachia kiti, na 2015 Dorsey alikuwa amerudi kuongoza. Mwisho wake tunaujua: Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua kwa dola bilioni 44.

Turudi kwa vijana wetu. Kwao hakuna Delaware wala soko la hisa, lakini kuna funguo, na funguo hizo hazifanani. Kwenye WhatsApp, aliyeunda kundi hawezi kuondolewa na maadmini wengine. Anabaki mpaka atoke mwenyewe. Kwenye ukurasa wa Facebook ni kinyume: yeyote mwenye mamlaka kamili anaweza kuwafuta wenzake, hata yule aliyeufungua. Kijana akimpa mwenzake mamlaka hayo kwa upole leo, kesho anaweza kuamka amekuwa msomaji wa kawaida wa kazi yake mwenyewe.

Ufunguo wa tatu ni namba ya simu inayopokea feza. Tangu benki zilipofunga milango Bukavu, baada ya AFC/M23 kuingia Februari 2025, feza nyingi zinapita kwa simu. Na laini ya simu inaandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Kwenye likelemba au kwenye avek kila mtu anajua zamu yake na daftari lipo. Ajabu ni kwamba kijana yuleyule asiyekubali avek bila daftari anaendesha ukurasa miaka mitatu bila hata mstari mmoja wa maandishi.

Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya makampuni, iliyorekebishwa Januari 2014, inawagusa vijana hao hata kama hawajawahi kufika kwa notere. Watu wakifanya kazi kama washiriki bila kuandikisha chochote, juji anaweza kusema kwamba sosieti ipo kwa matendo, na ushahidi wowote unakubaliwa: ujumbe wa simu, risiti, mashahidi. Hilo ni jema kwa anayefukuzwa. Lakini lina upande wa pili: deni la sosieti kama hiyo ni deni la kila mmoja wao, na mdai anaweza kumfuata yeyote.

Wakiamua kuandikisha SARL, waangalie vizuri. Msimamizi anaweza kuondolewa na wenye zaidi ya nusu ya mtaji. Zinazohesabiwa ni feza, si vichwa. Aliyelipa mega miaka yote anaweza kujikuta na asilimia 60, na wawili wenye picha na sauti wakawa wageni. Kazi ya mikono na akili inakubaliwa kama mchango, ila sheria imeiwekea mpaka: kura zote zinazotokana na kazi hazipiti asilimia 25. Ndiyo sababu mwenye simu ya kupiga picha afadhali ailete simu yenyewe kama mchango, ipewe bei na iandikwe, kuliko kuleta ufundi peke yake.

Kabla ya notere, kuna karatasi moja ambayo wanaweza kuiandika jioni moja, nakala tatu, sahihi tatu. Nani alileta nini na siku gani. Nani ana neno la siri, na nani wa pili analijua. Feza inaingia kwa namba gani, na inahesabiwa siku gani ya mwezi. Wakiongeza mshiriki wa nne, sehemu yake inakatwa kwa nani.

Waandike pia lile ambalo hakuna anayependa kulitaja wakati urafiki ungali mtamu: yule atakayepanda boti kwenda Goma, au basi kwenda Kampala, na kurudi baada ya miaka miwili kuuliza sehemu yake, atapewa kiasi gani.