Tak! Hapo Ndipo Hesabu ya Mafuta Inapoanza

Kila bei ya petroli inapopanda swali hili hurudi, na huja karibu kwa maneno yale yale: dashibodi inasema gari linakwenda kilomita 16 kwa lita, risiti za mafuta zinasema 13, na aliyeliuza aliapa kuwa ni 20. Nani mwongo?

Muuzaji ndiye mwepesi kumalizana naye. Magari madogo yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kina Vitz, Demio na Probox wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalipimwa kwao Japani kwa utaratibu ulioitwa 10-15. Gari halikugusa lami. Lilipandishwa juu ya rola za chuma ndani ya maabara, likaendeshwa palepale kwa sekunde 660, sawa na kilomita 4.16, kwa kasi ya wastani ya kilomita 22.7 kwa saa na isiyozidi 70. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima wa Kitonga, hakuna foleni ya Mbagala, hakuna shangazi na magunia mawili ya viazi kiti cha nyuma. Namba iliyopatikana ni ya kweli, ila ni ya rola.

Vipimo vya siku hizi ni vikali zaidi. Kile cha WLTP, kilichoanza Ulaya mwaka 2017, huchukua nusu saa na kufika kasi ya kilomita 131 kwa saa. Hata hivyo, Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizochotwa kwenye magari yenyewe, kwa kuwa tangu 2021 kila gari jipya linalouzwa huko hubeba kifaa cha kurekodi mafuta linayokula. Ikaonekana magari ya petroli na dizeli hutoa hewa ya ukaa, yaani huchoma mafuta, takriban asilimia 20 zaidi ya yaliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Magari ya mseto yanayochajiwa kwa waya yalitia aibu: mara tatu na nusu.

Na wapo waliochezea kabisa. Mwaka 2012 Hyundai na Kia walilazimika kushusha namba za magari karibu 900,000 nchini Marekani, na miaka miwili baadaye wakakubali kulipa faini ya dola milioni 100. Mitsubishi walikiri mwaka 2016 kwamba takwimu za magari yao 625,000 zilipikwa, yakiwemo waliyoyaunda kwa ajili ya Nissan.

Basi dereva anabaki na kituo cha mafuta na daftari. Njia yenyewe kila mtu anaijua: jaza tangi, tembea, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Ni hesabu ya darasa la nne na haina haja ya maelezo. Kinachohitaji maelezo ni neno moja ndani yake, ambalo watu hulipita kana kwamba halina utata. Jaza. Tangi limejaa lini?

Limejaa pale nozeli inaposema "tak" na kujifunga yenyewe mkononi mwa mhudumu. Kwenye utaratibu mzima wa kupima ulaji wa mafuta, hicho ndicho kitu pekee kinachoamua tangi limefika wapi. Na ni kitu cha ajabu. Hakina umeme, hakina kihisio, hakina kompyuta. Ni chemchemi, kipande cha mpira na tundu dogo ambalo madereva wengi hawajawahi kuliona.

Tundu hilo liko kwenye ncha ya bomba la nozeli, upande wa chini, na linaweza kuzibwa kwa ncha ya kidole. Nyuma yake kuna kijibomba chembamba kinachopanda ndani ya bomba kubwa hadi kwenye mpini. Huko juu, petroli inapopita kwenye vali, hulazimika kujipenyeza kwenye njia iliyobana. Wengi hudhani njia ikibana, shinikizo hupanda. Ni kinyume: kimiminika kinapokazwa kwenda mbio, shinikizo lake hushuka. Daniel Bernoulli aliiandikia hesabu mwaka 1738, na Mwitalia Giovanni Battista Venturi akaionyesha kwa mabomba yaliyobanwa katikati mwaka 1797. Kijibomba chetu kimetobolewa hapo hapo penye shinikizo dogo. Matokeo yake, muda wote petroli inapotiririka, nozeli inavuta hewa kupitia lile tundu la nchani. Inavuta, inavuta, na hakuna kinachotokea, kwa sababu hewa kwenye shingo ya tangi ni ya kutosha.

Anayekunywa dafu kwa mrija ataelewa kilichobaki. Maji yakiisha, mrija unavuta hewa tupu: sauti nyingi, kazi kidogo, mashavu yametulia. Mrija ukigota kwenye nyama laini ya dafu, mdomo wake unaziba, na mnywaji asiyejua huendelea kuvuta. Mashavu yanabonyea ndani ghafla. Hajaongeza nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba kule chini hakuna tena kinachoingia. Sasa mfikirie mnywaji huyo amefungwa uzi shavuni, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye pini inayoshikilia mlango wa maji wazi. Mrija ukiziba, shavu linabonyea, uzi unavutika, pini inachomoka, mlango unajibamiza. Ndani ya nozeli, shavu ni kipande cha mpira mwembamba kilichowambwa, yaani kiwambo. Petroli inapopanda na kulifunika tundu la nchani, hewa inakatika. Petroli ni nzito kuliko hewa na haiwezi kupanda kijibomba kwa wepesi ule ule, hivyo mvutano unaruka, kiwambo kinabonyea, pini inaachia, chemchemi inaifunga vali. Tak.

Mlolongo wote huo hauchukui hata muda wa kupepesa jicho. Na nozeli haijui chochote kuhusu tangi. Inachojua ni kwamba tundu lake limelowa.

Hapo ndipo tatizo la upimaji lilipo. Mhudumu akibana mpini hadi mwisho, petroli inaingia kwa fujo na kutoa povu, na povu linaloziba tundu linatosha kupiga tak wakati tangi bado lina nafasi. Dizeli ndiyo zaidi, hutoa povu kama sabuni. Nozeli ikiingizwa kina kirefu, hulowa mapema. Gari likisimama kwenye mteremko, hewa hunaswa kwenye kona ya juu ya tangi na kushikilia nafasi ya petroli. Kisha kuna ile desturi ya vituo vyetu ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha fizikia: nozeli ikishalia, mhudumu huibinya tena mara mbili tatu ili hesabu ifike shilingi kamili, asihangaike na chenji. Leo anaongeza robo lita, wiki ijayo lita nzima.

Tuseme basi kutojaa huko kunatofautiana kwa lita moja kati ya ujazo mmoja na mwingine. Aliyetembea mjini siku mbili, akajaza lita 10, hesabu yake inaweza kukosea kwa asilimia 10. Huyo ndiye anayesikika akisimulia kwamba mafuta ya kituo fulani "yanatembea" kuliko ya kituo kingine. Akisubiri hadi aingize lita 40, kosa linashuka hadi asilimia 2.5.

Lakini uzuri wa njia hii uko mbele zaidi, na ni ajabu kwamba hausemwi. Mtu akijaza mara tano mfululizo, jumla ya lita 200, makosa hayajumlishwi mara tano. Ujazo wa pili ukipungukiwa lita moja, lita hiyo haipotei. Inadaiwa na kulipwa kwenye ujazo wa tatu. Wa tatu ukizidi, wa nne utapungua. Kila tak ya katikati inafutwa na inayoifuata, zikabaki mbili tu zenye neno: ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Kosa la lita moja juu ya lita 200 ni nusu ya asilimia, na hicho ni kiwango kile kile cha kosa ambacho kanuni za kimataifa za vipimo huruhusu kwa pampu yenyewe. Hakuna haja ya kununua kifaa. Kinachotakiwa ni kuziweka tak mbili mbali mbali.

Kwa hiyo hata anayeweka mafuta "ya elfu ishirini" leo na "ya elfu kumi" kesho anaweza kupima vizuri kabisa. Ujazo wa katikati si lazima uwe kamili. Ajaze siku ya kwanza, ajaze siku ya mwisho, na asipoteze risiti yoyote ya katikati. Aandike lita, si shilingi: mamlaka ya EWURA ya Tanzania hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi na EPRA ya Kenya kila tarehe 14, na daftari la shilingi litamwambia zaidi kuhusu soko la dunia kuliko kuhusu injini yake. Kwa tak zile mbili, atumie kituo kimoja, pampu moja, gari lielekee upande mmoja, mpini ubanwe taratibu, na mhudumu aombwe aache mlio unapotoka. Chenji italetwa.

Kuhusu joto, petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na wapo wanaoamka alfajiri wakanunue mafuta "yaliyoshikana". Matangi ya kituo yako ardhini, ambako mchana na usiku havina tofauti kubwa. Walale tu.

Kilomita nazo zina lao. Odometa haipimi barabara, inahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi la 175/65 R14 lina nusu kipenyo cha milimita 292 hivi likiwa jipya. Kashata zake zikilika milimita 6, limepungua kwa asilimia 2. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, odometa ikahesabu kilomita ambazo hazikutembewa, na gari likaonekana kula kidogo kadiri tairi linavyoisha. Aliyefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani huonewa kinyume chake. Dawa ni kwenda barabara kuu iliyonyooka na kulinganisha odometa na vibao vya kilomita, au na ramani ya simu, kwa umbali wa kilomita 50 au zaidi. Mshale wa kasi usitumike kwa kazi hii. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaukataza kuonyesha kasi ndogo kuliko halisi, hivyo watengenezaji huutega uzidishe.

Kosa jingine hutokea kwenye daftari lenyewe. Gari likienda kilomita 100 kwa kiwango cha 20 kwa lita, na kilomita 100 nyingine mjini kwa 10, wastani wake si 15. Limetumia lita 5 na lita 10. Ni kilomita 200 kwa lita 15, sawa na 13.3. Wenye makundi ya magari ya ofisi hujumlisha namba za kila wiki na kugawanya, kisha hushangaa bajeti kutotosha. Zijumlishwe kilomita peke yake na lita peke yake, kugawanya kuje mwisho.

Dashibodi je? Haina mita ya kupima mafuta yanayochomwa. Kompyuta ya gari huhesabu muda ambao injekta zimefunguka. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hurusha petroli mara 100 kwa sekunde, kila mrusho wa milisekunde chache. Muda huo huzidishwa na kiasi ambacho injekta mpya ingetoa. Injekta iliyochakaa haitoi kiasi hicho, na kilomita inazopewa kompyuta hutokana na magurudumu yale yale yaliyolika. Ndiyo maana mara nyingi hujisifu. Lakini hujisifu kwa kiwango kilekile kila siku, na hiyo ni sifa nzuri kwa chombo cha kupimia.

Kwa hiyo fanya kazi hii mara moja tu. Pita matangi matano, rekebisha kilomita, gawanya. Daftari likitoa 14.9 na dashibodi ikasema 16, zidisha namba ya dashibodi kwa 0.93 kuanzia siku hiyo na daftari uliweke kando. Ukibadilisha tairi, anza upya.