Tangi la samaki la akriliki: Usilisugue kama sufuria

Adui mkubwa wa tangi la samaki la akriliki si mtoto anayeligonga kwa gari lake la kuchezea, wala si samaki walio ndani yake. Adui wake ni mtu mwenye nia njema, aliyeamka Jumamosi asubuhi akashika kitambaa kikavu mkono mmoja na chupa ya dawa ya kusafishia madirisha mkono wa pili. Kabla chai haijachemka, tangi lililokuwa angavu huwa limeingia ukungu, na kadiri anavyozidi kusugua ndivyo ukungu unavyozidi.

Kosa huanzia kwenye macho. Akriliki hufanana na kioo, lakini si kioo. Ni plastiki. Mafundi wa mabango ya maduka huifahamu sana kwa jina la Perspex. Ilianza kuuzwa Ulaya katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilitumiwa kutengeneza madirisha ya ndege za kivita.

Sifa zake si haba. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa ule ule. Haivunjiki kwa urahisi, na hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga. Ndiyo sababu mahodhi makubwa ya maonyesho duniani hujengwa kwa akriliki. Lile la Okinawa, Japani, lililofunguliwa mwaka wa 2002, lina dirisha lenye upana wa zaidi ya mita 22, kimo cha zaidi ya mita 8 na unene wa sentimita 60.

Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na ila. Akriliki ni laini. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa kwenye sponji yatosha kuichora mstari kuanzia juu hadi chini. Isitoshe, kuna dawa nyingi za nyumbani zinazoila. Lakini ulaini huo huo una faida yake: mkwaruzo ambao kwenye kioo ungebaki daima, kwenye akriliki unaweza kuondolewa kwa mkono, bila mashine. Kwa hivyo, mwenye tangi hili anahitaji kujua mambo mawili tu: asilolitie, na namna ya kulitibu likiumia.

Vitu vya kuweka mbali

Usitumie dawa ya madirisha yenye amonia, spiriti, petroli, thina ya rangi wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Dawa hizi huingia ndani ya akriliki na kuifanya ipasuke nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Amonia ina ubaya wa pili: ni sumu kali kwa samaki.

Waya wa kusugulia sufuria, upande mkavu na mgumu wa sponji ya jikoni, unga wa kusugulia masinki na wembe, vyote havifai. Hata karatasi za shashi zina nyuzi ngumu zinazoweza kuacha mikwaruzo. Sabuni nayo isiingie ndani ya tangi kamwe, kwa kuwa ni vigumu kuiosha yote ikaisha, na kiasi kidogo kinachobaki hudhuru matamvua ya samaki.

Namna ya kulisafisha

Kwanza chomoa nyaya zote za umeme: taa, pampu na hita. Hita ikiachwa inawaka maji yakiwa yamepungua, hupata moto mwingi, na ikigusa akriliki yaweza kuiyeyusha.

Huna haja ya kuwatoa samaki kila wiki. Punguza robo ya maji kwa mpira, ukifyonza uchafu ulio kwenye changarawe. Kisha chukua kitambaa laini cha pamba au sponji isiyo na upande mgumu, kioshe kwa maji matupu, na ufute utando wa kijani ulio ukutani. Anza juu ukielekea chini, na ukomee vidole viwili juu ya changarawe. Ukigusa changarawe, suuza kitambaa kabla ya kuendelea. Jambo hilo dogo laokoa matangi mengi.

Utando uliogandamana hung'olewa kwa kadi ya plastiki, kama vile kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Ishike kwa mshazari na uisukume polepole.

Wanaotumia maji ya visima huona utepe mweupe mahali maji yanapoishia. Hiyo ni chokaa inayobaki maji yanapokauka. Teremsha maji chini ya utepe huo, chovya kitambaa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kibandike hapo kwa dakika kumi, kisha futa. Rudia ikibidi. Usiikwangue kwa kisu.

Maji mapya ya mfereji huwa yametiwa klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au yatie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Nayo sponji ya kichujio isisafishwe kwa maji ya mfereji. Ioshe ndani ya ndoo ya yale maji uliyotoa tangini. Humo mnaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Wanafunzi wa biolojia watatambua kwamba huu ni mzunguko wa naitrojeni wanaousoma darasani, ukifanyika sebuleni mwao.

Upande wa nje, pangusa vumbi kwa kitambaa kilicholoa. Usipanguse kikavu, kwa sababu vumbi lenyewe ni msasa.

Kuondoa mikwaruzo

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, mkwaruzo ni mwepesi: dawa ya kung'arisha plastiki, au hata dawa nyeupe ya meno, ikisuguliwa kwa kitambaa laini upande wa nje, itautoa. Ukucha ukikwama, itakubidi kutumia msasa wa maji, ule mweusi unaotumiwa na mafundi wa rangi za magari. Jijini Nairobi hutaukosa kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga.

Nunua namba 800, 1000, 1500 na 2000. Namba inapokuwa kubwa, msasa huwa laini zaidi. Loweka msasa majini, uzungushie kipande cha sponji, kisha sugua kuelekea upande mmoja tu ukitumia 800 hadi mkwaruzo wenyewe usionekane. Mahali hapo patakuwa peupe kama barafu. Usishtuke. Chukua 1000 na usugue kwa kukingamisha njia ya kwanza, hadi mistari ya awali iishe. Endelea vivyo hivyo hadi 2000, kisha umalize kwa dawa ya kung'arisha. Weupe utatoweka.

Kuna masharti mawili. La kwanza, sugua eneo pana kuliko mkwaruzo. Ukichimba mahali pamoja utatengeneza bonde, na samaki akipita hapo ataonekana amepinda. La pili, pasiwe pakavu wakati wowote, kwani joto la msuguano hulainisha plastiki. Ikiwa mkwaruzo uko ndani, mwaga maji yote kwanza, na baadaye suuza tangi mara kadhaa pasibaki hata chembe ya dawa. Kazi hii yaweza kuchukua saa mbili au tatu kwa mkwaruzo mmoja. Haraka haraka haina baraka.

Linapovuja

Tangi lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50 hubeba lita 200, yaani kilo 200 za maji. Maji hayo yakimwagika katika nyumba ya ghorofa, jirani wa chini atabisha hodi kabla hujapata ndoo. Na kama nyaya za umeme ziko sakafuni, hatari si ya zulia tu.

Ukiona unyevu, zima umeme, kausha nje yote, kisha tandaza gazeti kuzunguka tangi. Gazeti litaonyesha upande unaolowa. Maji yakishuka na kusimama mahali fulani, huenda tundu liko usawa huo. Wahamishe samaki kwenye ndoo safi iliyojaa maji yao wenyewe, weka pampu ya hewa na uifunike kwa wavu. Sponji ya kichujio nayo ikae ndani ya maji hayo. Ikikauka, wale bakteria hufa.

Wengi hukimbilia silikoni, kwa kuwa ndiyo inayounganisha matangi ya kioo. Kwenye akriliki silikoni haishiki vizuri, na baada ya muda hubanduka. Gundi ya papo kwa papo nayo huacha weupe na kiungo hafifu. Akriliki huunganishwa kwa gundi maalumu ya majimaji inayoyeyusha kingo mbili hadi zikawa kitu kimoja. Ulizia kwa mafundi wa mabango wanaofanya kazi ya Perspex.

Kiungo sharti kiwe safi na kikavu kabisa. Gundi hutiwa kwa bomba la sindano ukingoni mwa ufa, nayo hujivuta yenyewe ndani ya mwanya. Kwa kiungo kilichoachana kwa urefu, fundi hubandika kipande chembamba cha akriliki upande wa ndani kama kiraka. Liache tangi kwa siku mbili, kisha lijaze maji nje ya nyumba na ulitazame kwa siku nyingine mbili au tatu kabla ya kurudisha samaki.

Tahadhari: mvuke wa gundi hizi huleta kizunguzungu na unaweza kumwua mtu aliyejifungia chumbani. Fanya kazi uwanjani, mbali na moto, na watoto wasiwe karibu. Ikiwa tangi ni kubwa, au huna uwanja, mpe fundi kazi hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya hospitali.

Wakati wa kusema basi

Si kila tangi linaweza kuokolewa. Nyufa za utando wa buibui zikishaenea ndani ya ukuta, hakuna msasa utakaozifikia. Viungo vikijaa mapovu yanayozidi kila mwezi, au ukuta ukifura kuliko ilivyokuwa, tangi hilo lisitiwe maji tena. Lipandie maua, au limfugie mtoto konokono wa bustanini.

Kilichotokea Berlin, Ujerumani, ni funzo. Alfajiri ya Desemba 16, 2022, hodhi la akriliki liitwalo AquaDom, lenye lita milioni moja za maji na samaki wapatao 1,500, lilipasuka ndani ya jengo la hoteli. Watu wawili walijeruhiwa, na samaki wengi walikufa. Wachunguzi hawakuweza kutaja chanzo kimoja kwa uhakika, lakini waliorodhesha uwezekano wa aina tatu: gundi ya kiungo kuachana, jeraha dogo kwenye akriliki, au akriliki kukauka hodhi lilipokuwa tupu wakati wa ukarabati. Lau lingepasuka mchana, watu wakiwa wamejaa humo, maafa yangekuwa makubwa.

Tangi la sebuleni si AquaDom, lakini limetengenezwa kwa kitu kile kile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila mara unapobadilisha maji, tumia dakika moja kupitisha kidole kwenye viungo vyote na kutazama kuta dhidi ya mwanga. Kidole kikitoka kikavu, warudishie samaki taa yao.