IDHINI YA MSIMAMIZI NA SKRIPTI ZINAZOKATALIWA

Watumishi wanaoangalia kompyuta zinazotumia Linux wanaarifiwa kwamba jibu la "Permission denied" si dalili ya ubovu wa mashine, wala halina maana kwamba mtumishi hakupewa idhini. Mara nyingi idhini ipo, ila haikufika pale inapotakiwa.

Wasomaji wa Visiwani wanaijua habari ya njia ya misafara ya Tabora. Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka Unguja na walinzi wa Kibaluchi waliopewa na Sayyid Majid, bendera nyekundu ikitangulia. Walipofika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, wafanyabiashara wa Kiarabu waliwapokea kwa heshima. Lakini huko nyuma, Ugogo, bendera hiyo haikuwaondolea hongo: kila mtemi alikuwa na mamlaka katika nchi yake.

Amri ya "sudo" nayo ina mpaka wake; humpa nguvu za msimamizi yule tu anayeitwa baada yake. Tuutazame mstari huu:

sudo echo "10.0.0.5 hazina" >> /etc/hosts

Hapa "echo" imepewa idhini isiyoihitaji. Alama ya ">>" ni kazi ya sheli, nayo ni ya mtumiaji wa kawaida. Hujaribu kulifungua faili kabla "sudo" haijaanza, ikakataliwa. Hapana budi iandikwe hivi:

echo "10.0.0.5 hazina" | sudo tee -a /etc/hosts

Sasa anayeandika ni "tee", naye ndiye mwenye idhini.

Huenda pia "sudo" ikajibu "command not found" ilhali programu ipo. Mifumo mingi huibadilishia "sudo" orodha ya njia za kutafutia programu, kwa hiyo iandikwe njia kamili. Ikiwa iliyoitwa ni skripti yenyewe, kwanza ipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa "chmod +x". Amri ya "id -u" ikijibu 0, ndipo skripti inaendeshwa na msimamizi.

Wapo wanaoiwekea skripti alama ya "chmod u+s" wakidhani wamemaliza kazi. Linux huipuuza alama hiyo kwa skripti, na ni heri.

Jambo lisilokubalika kabisa ni kulifungua faili la mfumo kwa "chmod 777" ili kazi ipite. Tangu hapo kila mwenye akaunti katika mashine hiyo aweza kulibadilisha, na kumbukumbu za "sudo", ambazo humtaja aliyetoa amri na saa yake, hazitamwonyesha.