Fani ndogo ya uchumi

Fani ndogo ya uchumi ni kundi la masomo ya uchumi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza huyasoma pamoja na fani yake kuu, kwa mfano historia, uhandisi au siasa. Utaratibu huu umeenea hasa katika vyuo vikuu vya Marekani na Kanada.

Asili

Charles William Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard miaka 1869-1909, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kujichagulia masomo. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, aliwataka wajikite katika fani moja huku wakisoma kiasi fulani cha nyingine. Fani ndogo inafuata wazo la namna hiyo: kuwa na ujuzi wa kina mahali pamoja bila kufungiwa humo.

Masomo

Shahada ya kwanza nchini Marekani kwa kawaida huhitaji takriban krediti 120. Fani ndogo huchukua masomo 5 hadi 7, yaani krediti 15 hadi 21 hivi. Mwanafunzi huanza na mikroekonomia, inayohusu maamuzi ya kaya, makampuni na masoko, na makroekonomia, inayohusu mfumuko wa bei, ajira na pato la taifa. Baadaye hufuata nadharia ya ngazi ya kati, mara nyingi takwimu, na masomo ya hiari kama vile biashara ya kimataifa au uchumi wa maendeleo.

Faida na mipaka

Masomo haya hufuatana kama vidato: asiyefaulu la utangulizi haruhusiwi kuendelea, na nadharia ya ngazi ya kati mara nyingi hudai hisabati ya kalkulasi. Kwa hiyo anayeanza katika mwaka wa nne anaweza kukosa muda wa kumaliza.

Fani ndogo si shahada ya pili. Huonyeshwa katika taarifa ya matokeo, lakini vyuo vingi haviiandiki kwenye cheti chenyewe. Anayelenga uzamivu wa uchumi hupimwa zaidi kwa hisabati aliyosoma, hivyo huenda somo moja la aljebra ya mstari likamfaa kuliko jina la fani ndogo. Kwa mwanahabari, mhandisi au mwanasheria, manufaa yake ni mengine: kuweza kusoma bajeti ya serikali na kuelewa nani atalipa na nani atafaidika.