Samadi ya Zizini na Mbolea ya Dukani

Kulamawe hakulimwi mpunga. Mji huo, ulio kwenye barabara itokayo Isiolo kuelekea Modogashe, ni wa wafugaji. Lakini ndani ya mazizi yake hulala kitu ambacho mkulima wa Mwea, au wa bonde la Tana huku kwetu Pwani, angekipokea kwa mikono miwili: samadi kavu.

Twayasema haya kwa kuwa gharama ya mbolea humfikia hata mama asiyelima, kupitia bei ya mchele. Serikali iliteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Ni nafuu kubwa, ila mbolea hiyo haiujengi udongo. Katika kilo 100 za yurea, 46 ni naitrojeni. Mmea huila upesi, na inayosalia hupaa hewani au huchukuliwa na maji. Samadi ina naitrojeni haba, lakini huufanya udongo ushike maji na rutuba. Aliyetia samadi ya kutosha aweza kupunguza mbolea ya dukani. Wanaosema aiache kabisa hatuwaungi mkono.

Samadi sharti iive kwanza. Ikitiwa mbichi katika jaruba lenye maji, vijidudu viiozeshavyo huinyang'anya miche naitrojeni, na gesi itokayo hudhuru mizizi. Iliyoiva haina joto wala harufu kali. Itawanywe na kuchanganywa na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza. Yurea igawanywe: sehemu mpunga unapotoa machipukizi, sehemu mashuke yanapoanza kutunga. Asiimwage wakati wa jua kali. Na lori lipakie samadi kavu, kwani yenye unyevu hulipiwa nauli ya maji.

Je, mchele huo ni twahara? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu Pwani, samadi ni najisi, lakini kurutubishia shamba yajuzu, na nafaka iotayo humo ni twahara. Penye mjadala ni kuiuza. Mahanafi wameruhusu, wanavyuoni wetu hawakuruhusu kuuza najisi, ila mwenye zizi aweza kupokea malipo kwa kuondoa mkono wake juu yake. Basi mama mwenye zizi na mwenye lori wapatane kwa lafudhi hiyo, kabla ya koleo la kwanza.