Injini Izimikapo Juu ya Shamba

Bonde la Ziwa Rukwa, ng'ambo ya milima ya Ileje ilipo Ibaba, ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu, ambao kati ya 1930 na 1944 walivamia sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta. Mwaka 2009 mbuga hizo zilinyunyiziwa kuvu iuayo nzige, kutoka angani. Juu ya mazao ndege ya dawa hushuka sana, pengine mita 3 tu kutoka majani. Je, injini ikizimika hapo?

Rubani hana kimo. Ana kasi, nayo kasi hugeuzwa kuwa kimo. Tuseme ndege yaenda mita 50 kwa sekunde. Akivuta usukani hadi kasi ishuke kufikia mita 35, nusu ya tofauti ya miraba ya kasi hizo, ikigawanywa kwa 9.8, ni mita 65. (Ukinzani wa hewa hula sehemu yake, mwanafunzi asizitegemee zote.) Akizidi kuvuta, mabawa hupoteza nguvu ya kunyanyua na ndege huporomoka. Hana budi kuinamisha pua mara moja, jambo ambalo mkono wa mtu aliyeshtuka haulipendi kabisa.

Papo hapo humwaga dawa yote. Kasi ya chini kabisa iwezayo kuibeba ndege hufuata kipeuo cha pili cha uzito: kilo 2,000 zikibaki 1,500, kasi hiyo hupungua kwa asilimia 13 hivi, na nishati ya kugonga ardhi hushuka hadi asilimia 56 ya ile ya awali.

Kugeuka kurudi uwanjani ni kujitafutia ajali, kwani katika kona kali mabawa hudai kasi zaidi. Hutua mbele yake, kuukabili upepo. Penye miteremko kama ya Ileje, heri kutua kwa kupanda mlima. Tena kwenye kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi, na ndege hugusa ardhi kwa kasi inayozidi ile ya pwani kwa asilimia 7 au 8.

Katika ndege Ag-1 ya mwaka 1950, Fred Weick wa Marekani alimketisha rubani juu, nyuma ya tangi, ili pua ipondeke kwanza.

Dawa iliyomwagwa husalia shambani, na katika Ileje vijito huteremka kuingia mto Songwe, kisha Ziwa Nyasa.